Fulgensi Yuko Pito, Anwani Iko Uholanzi

Kabla hujamwambia mtu kwamba unajua alipo, shika kwanza simu yako uangalie wewe mwenyewe unaonekana uko wapi. Fanya sasa hivi, nakungoja. Fungua ukurasa wowote ule unaokutajia anwani yako ya IP. Utaona namba zimetenganishwa kwa nukta, na chini yake jina la mji. Mko hapa Sumbawanga, Izia au Malangali, lakini wengi wenu mmeandikiwa Dar es Salaam. Sasa zima data, unga waifai ya jirani, uangalie tena. Namba zimebadilika. Hujanyanyuka kwenye kiti, ila kwa macho ya dunia umehama.

Mimi nimestaafu, na bado kila nikiingia nyumba yenye intaneti lazima niangalie. Binti yangu hukasirika. "Mama, si ukae basi unywe chai!" Siwezi. Mkono unaniwasha. Acheni niwaeleze muwasho huu ulikoanzia.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza kwenye swichibodi ya simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na Mbeya anakuja posta, anakaa kwenye benchi, mimi naomba laini, na ikipatikana namwita jina aingie kibandani. Tulijua nani anaongea na nani, na tulikuwa na adabu ya kutosikia wanachosema. Halafu mambo yakabadilika. Ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, mashirika yakaanza kuuzwa, sisi tukaambiwa asanteni kwa kazi. Wenzangu wengine walinunua cherehani, wengine wakarudi kulima ulezi. Mimi nilizunguka mji kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi akaiona intaneti huko Mbeya, akarudi hana usingizi. Akaamua kuweka ungo wa setilaiti juu ya paa la duka lake, karibu na soko, na kompyuta chache chini yake. Akatafuta mtu anayejua mambo ya waya. Nikasema najua. Waya nilizijua kweli. Kinachopita ndani ya waya hizo ndicho sikukijua.

Aliyenifundisha ni fundi aliyekuja kutoka Mbeya kufunga ule ungo, jina lake Desderius, mtu mfupi, mkali, mwenye mikono inayonuka risasi ya kulehemu. Alikuwa juu ya paa, mimi nimeshika ngazi, upepo wa Ufipa unatupiga kama unatudai.

"Oresta, skrubu hii usije ukaigusa nikiondoka. Ukisogeza ungo upana wa ukucha tu, huko juu umeikosa setilaiti kabisa."

Tuliposhuka akaniketisha. Akanionyesha dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika neno moja, zikatokea namba. "Hii ni anwani ya ndani," akasema. "Kila kompyuta humu ina yake, na mimi ndiye nimezigawa. Ukitaka hata kesho nitazigawa upya. Lakini huko nje hakuna anayeziona. Zote zikitoka hapa zinapita mlango mmoja, na mlango huo una anwani moja, ya nje. Si ninyi parokia nzima mnatumia sanduku moja la posta? Barua ya padri, barua ya mpishi, barua ya mwalimu, zote S.L.P. ileile."

"Na hiyo ya nje naionaje?"

"Humu ndani huwezi kuiona. Lazima umuulize aliye nje akwambie anakuonaje." Akafungua ukurasa, namba ikatokea, tofauti kabisa na ile ya kwanza. Nikaandika ukutani kwa penseli, nikafurahi, nikadhani nimeelewa yote.

Kumbe sikuuliza swali la muhimu kuliko yote: hiyo anwani ya nje ni ya nani?

Dalili zilikuwepo. Kurasa zilikuwa zikifunguka kwa lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza. Matangazo ya viatu vya theluji yalikuja moja kwa moja kwenye kompyuta ya mwisho pale dirishani. Tajiri alijivuna. "Unaona, Oresta? Wazungu wenyewe wanatutafuta." Wateja walicheka, wakaendelea kusoma barua zao. Nami niliendelea na kazi.

Siku moja akaingia Fulgensi. Alikuwa bwana mifugo, kijana mwembamba wa kwetu hapa Ufipa, anayehudumia ng'ombe upande wa Pito, nje ya mji, hasa wa zile familia za Wasukuma zilizohamia na mifugo yao. Alikuwa na mchumba Morogoro, mwalimu wa sekondari, anaitwa Sofia. Kule Pito simu za mkononi hazikuwa zikishika, kwa hiyo mapenzi yao yaliishi kwenye kompyuta zangu. Siku hiyo hakunisalimia. Alisoma, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Dada Oresta, njoo. Nionyeshe Uholanzi iko upande gani wa duka hili."

Nikainama nikasoma. Barua ya Sofia ilikuwa fupi. Mwalimu wao wa kompyuta amemfungulia barua za Fulgensi, akamwonyesha maandishi madogo yanayofichwa juu ya kila barua, yanayosema imetoka anwani gani. Zote zimetoka Uholanzi. Fulgensi asiendelee kumwandikia kwamba yuko Pito anachanja ng'ombe. Angependa kuambiwa kweli na yeye mwenyewe, si na mashine.

Siku zile, vijana, barua za intaneti zilibeba anwani ya mtumaji waziwazi namna hiyo. Siku hizi nyingi zinaficha. Yule mwalimu hakuwa mjinga, alichungulia mahali panapostahili kuchunguliwa.

Nikafungua ule ukurasa wangu wa kuulizia. Nilikuwa nimezoea kutazama namba tu. Leo niliteremsha macho hadi chini, penye jina la nchi. Uholanzi. Nikazima mtambo, nikauwasha. Namba ilibadilika tarakimu za mwisho. Nchi ileile. Nikazima tena. Fulgensi amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Nikampigia Desderius kwa simu ya mezani ya tajiri.

"Ungo wako unarusha juu," akasema. "Setilaiti inapokea, inarusha chini. Chini wapi?"

"Si hapa?"

"Hapa nani amejenga kituo, Oresta? Kituo cha anayetuuzia huduma kiko Uholanzi. Barua inatoka Sumbawanga, inapanda mbinguni, inashukia kule, na kule ndiko inakoingilia kwenye intaneti. Namba za kule zimeandikishwa kwa mwenye kituo. Hata ukizima na kuwasha mpaka jioni, utabadilishiwa namba, mwenye namba habadiliki."

"Kwa hiyo yule mwalimu wa Morogoro..."

"Amesoma sawasawa. Amesoma mlango. Nyumba hakuiona."

Nilirudi nikiwa nimetulia, nadhani kazi imekwisha. Tukaketi na Fulgensi, tukaandika barua ndefu, ya heshima, inaeleza ungo, setilaiti, kituo, kila kitu. Tukaituma. Kidole bado kiko kwenye kitufe ndipo ikanijia. Kesho yake jibu la Sofia lilikuwa mstari mmoja: na hii nayo imetoka hukohuko.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila tulipojitetea, utetezi wenyewe ulitokea Uholanzi.

Nikasema basi, nitumie ujuzi wangu wa zamani. Nikapiga simu shuleni kwao, nikaomba kuongea na mwalimu Sofia. Akaja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepumua kwa hesabu.

"Naitwa Oresta, nakupigia kutoka Sumbawanga. Niko na Fulgensi hapa."

"Uko naye?"

"Ndiyo, yuko pembeni yangu."

"Tangu lini?"

Nilipofungua mdomo kueleza, simu ilikuwa imekatwa. Fulgensi alishika kichwa. Mimi nilitazama ile simu kama imenigeuka. Miaka yote ile ya kuunganisha watu, na siku hii nimewakata kwa sauti yangu mwenyewe.

Tulipopiga tena, Sofia hakuja kwenye simu. Zikafuata siku mbaya. Fulgensi alikuja kila alipopata nafasi, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, wateja wanamkwepa kwa magoti. Nami sikukalika. Nilikuwa naulizia ile anwani kila asubuhi kabla ya kufagia, kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso. Tajiri akaniuliza kama nina homa. Kulikuwa na kitu kingine pia, nilikiona ila sikukipa jina. Wateja wengine waliposikia kisa walicheka sana, na wewe ungetegemea Fulgensi naye acheke, hata kwa uchungu. Hakucheka hata mara moja.

Ngoja nipumue kidogo niwape kisa kifupi, maana hiki bado kinanibana. Juzijuzi kijana mmoja wa Izia alinijia mbio. "Mama, shikamoo. Kuna mshikaji ameingia kwenye akaunti yangu, simu inasema yuko Arusha. Nimeshapata lifti, namfuata." Nikamwambia kaa. Nikamuuliza saa iliyoandikwa pale alikuwa wapi. Alikuwa chumbani kwake, anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe kwa laini mpya. Mwizi alikuwa yeye. Jina la mji linalotokea chini ya namba ni makisio, wanangu. Linatoka kwenye orodha za kampuni iliyopewa namba hizo, si kwenye nyayo zako. Na namba moja siku hizi inaweza kubebwa na watu wengi kwa pamoja, wasiojuana. Nchi hupatia mara nyingi. Mji hubahatisha. Nyumba haioni kabisa, mpaka mwenye kampuni afungue kumbukumbu zake, na hizo hawamfungulii kila mtu mwenye hasira.

Turudi dukani. Shule zilipofunga, asubuhi moja akaingia msichana mrefu, begi begani, vumbi jekundu limempaka hadi kwenye kope. Barabara ya Tunduma wakati ule haikuwa na lami, ukifika hapa unafanana na ndugu zako wote.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Natafuta Uholanzi. Nimeambiwa iko hapa."

Nilimjua hapo hapo. Nilimvutia kiti, nikamfungulia ule ukurasa, nikasogea pembeni asome mwenyewe. Akasoma. Akatazama mlangoni. Nje mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa unapita na magunia ya mahindi, mama mmoja wa mitumba anamfokea mwenye mkokoteni asimkanyagie nguo zake. Sofia akasoma tena.

"Shangazi aliniambia watu wa Sumbawanga wanasafiri kwa ungo," akasema polepole. "Hakusema kama wanaufunga juu ya paa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likazimika.

"Dada, usinione mgomvi. Baba yangu alienda kusoma nje nikiwa mdogo. Alikuwa akimwandikia mama kwamba ameshafika Dar, anamalizia shughuli bandarini, wiki hii au ijayo atafika nyumbani. Mama alipika. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya stempu. Stempu zilikuwa za kulekule. Baba hakurudi. Kwa hiyo barua ikisema hivi na stempu ikasema vile, mimi nimeshajua ipi ya kuamini."

Hapo nikaelewa kwa nini barua yetu ndefu haikumgusa. Nikampa mke wa tajiri ufunguo, nikamshika Sofia mkono. "Twende ukamwone kwa macho yako."

Tulipata pikapu inayopeleka pumba Pito. Sofia alisimama nyuma njia nzima, kashika chuma, upepo unampiga, hataki kukaa juu ya magunia. Tulimkuta Fulgensi kwenye zizi la mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma. Yuko ndani ya buti za mpira, samadi hadi magotini, sindano mkononi, anasukumana na fahali asiyetaka kuchanjwa. Alipoinua kichwa akamwona Sofia, fahali akapata nafasi akamkanyaga mguu. Hakusikia hata maumivu.

"Sofia!"

"Kumbe upo," Sofia akasema. Na uso wake ulifunguka, nawaambia. Sijaona uso ukifunguka namna ile. Nilijisikia mtu. Nilisema moyoni, Oresta, umeunganisha laini.

Mzee Masanja akaja anajifuta mikono, amefurahi kuliko sisi sote. "Ndiye huyu? Daktari, mbona hukutuambia ni mrefu hivi! Karibu, mwanangu, karibu sana." Sofia akamwamkia, akapiga goti kidogo. Mzee akaendelea, wala hana nia mbaya, "Sasa umefika, wewe ndiye tutakayekushika. Mwambie huyu asituache. Anasema akipata kile chuo chake cha Ulaya anaondoka. Ng'ombe wote hawa atamwachia nani?"

Fulgensi alitazama sindano yake.

"Chuo gani?" Sofia akauliza.

"Nimeomba tu. Hawajajibu."

"Umeomba lini?"

"Kabla ya mvua."

"Nchi gani?"

Akanitazama mimi, kama nina kitufe cha kubonyeza. Sikuwa nacho.

"Ubelgiji."

Sofia akatikisa kichwa taratibu. "Basi mwalimu wetu alikosea kidogo tu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Masanja alitutazama mmoja mmoja, akaona ameangusha kitu, hajui ni nini wala kimeangukia wapi. Akaondoka kwenda kumfokea fahali.

"Ungeniambia lini?"

"Wakinijibu. Nilijua habari ya baba yako, Sofia. Nilisema nisikutie hofu bure, pengine hata hawatanichukua."

"Na wangekuchukua? Ungeniandikia ukiwa wapi?"

Akainama kufuta samadi kwenye buti. Nami nilisimama pale na ushahidi wangu wote, ungo wangu, setilaiti yangu, kituo changu cha Uholanzi. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakikumsaidia mtu yeyote.

Sofia alilala kwangu Malangali. Hakula vizuri. Aliniuliza kama nilijua. Nikamwambia sikujua, kwa sababu mteja wangu akishakaa mbele ya kompyuta mimi humpa kisogo, ni desturi niliyotoka nayo swichibodi. Akakubali. Asubuhi tulipofika stendi tulimkuta Fulgensi ametangulia, amevaa shati safi, anachechemea. Alianza kusema, Sofia akamzuia.

"Sikukatazi kwenda. Kasome. Ninachokataa ni kuwa wa mwisho kujua. Ng'ombe wa mzee Masanja walijua kabla yangu."

Akapanda basi. Akakaa upande wa pili, ule usiotuelekea.

Wiki kadhaa baadaye lile jibu la chuo lilikuja. Najua kwa sababu Fulgensi aliigeuza skrini upande wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wamemkubali. Nilimpongeza, nikamwambia ajibu haraka kabla umeme haujakatika. Akasimama.

"Kuna mtu wa kuambiwa kwanza, dada."

"Si umwandikie? Barua itafika sasa hivi."

"Itatoka Uholanzi," akasema. Akatoka kuelekea stendi, mguu bado unamsumbua, hana hata begi.

Waliongea nini Morogoro sikuambiwa. Nilichoona ni kwamba baada ya mavuno walifunga ndoa hapa kwetu, mzee Masanja akaleta ndama, akamwomba Sofia radhi mbele ya watu kwa kosa ambalo mpaka leo hajalielewa. Fulgensi akaenda Ubelgiji. Sofia akahamishiwa shule ya huku, na alikataa kabisa kuandikiana. Alitaka sauti. Fulgensi alitafuta kadi za simu huko, akawa anampigia shuleni siku ya Jumapili, na kitu cha kwanza kilikuwa kumtajia mtaa aliosimama na anachokiona mbele yake. Alipomaliza masomo alirudi, na kikohozi cha baridi ya kule ambacho hata baridi yetu haikukitambua.

Ungo ulishushwa. Zikaja modemu ndogo za kuchomeka kama ufunguo, ukaja mkongo wa intaneti uliozikwa ardhini, na tajiri akarudi kwenye mabati yake. Sumbawanga ikaacha kuonekana Uholanzi, ikaanza kuonekana Dar. Mimi nikahamia ofisi nyingine, nikafunga mitandao ya hospitali na shule, na kila mtandao niliowasha niliuliza maswali mawili kabla ya kukabidhi: nje tunaonekana kwa anwani gani, na anwani hiyo ni ya nani. Mkiingia kazi hii, ulizeni hayo mawili. La tatu, la mtu aliyeko nyuma ya anwani anawaza nini, msipoteze umeme.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea. Wana nyumba yao Pito, na banda la ng'ombe nyuma. Nilikuwa nimekaa mezani na Sofia, ananimiminia chai, anasimulia habari za watoto wao. Katikati ya neno akanyamaza, akageuza sikio.

"Fulgensi?"

Akaweka birika chini, akasimama.

"Fulgensi! Uko wapi?"

"Niko bandani!" sauti ikatoka nyuma ya nyumba. "Ndama amekataa kunyonya!"

Akakaa. Akashika birika, akamimina nusu kikombe. Halafu akaliweka tena, akajifunga khanga kiunoni, akaenda kuangalia.

Nami nikaacha chai yangu, nikamfuata.